Masahihisho kwa Chura

9 Februari

Mwanangu Chura,

Hujambo huko uliko? Mimi sijambo, nyonga ndiyo ina jambo. Hewa ikipoa kidogo tu inaanza kunung'unika kama mama mwenye nyumba, nami naipaka dawa naiambia tulia, bado tuna darasa la watoto. Kikohozi chako kiliisha? Na unakula, au bado unaishi kwa kahawa na biskuti?

Haya, salamu zimetosha. Habari zako nimezipata, ila si kutoka kwako. Meneja wa jumba la maonyesho aliniita ofisini akanikaribisha kiti. Hapo hapo nikajua kuna msiba, maana miaka yote huwa anaongea nami nimesimama mlangoni. Akasema mwisho wa msimu huu baleti yetu, Arusi ya Alfajiri, haitachezwa kama tulivyoizoea, itatungwa upya. "Na mtunzi ni binti yako mwenyewe," anachekelea, "utafurahi!" Nikamjibu si binti yangu, ni mtoto wa marehemu kaka yangu. Maneno ya mdomo tu hayo. Nani alikulea, kama si mimi, katika vile vyumba viwili nyuma ya ukumbi wa dansi?

Chura, kweli? Mambo haya niyasikie kwa meneja? Baleti hairithishwi kwa karatasi, unajua wewe. Inatoka mwilini mwa mtu inaingia mwilini mwa mwingine. Mwalimu wangu alinipa Arusi yote, naye alipewa na wake, na mimi kila mwaka nawapa wasichana wa jumba hatua kwa hatua, wakikosea nawapa masahihisho, wakilia nawapa maji. Leo unataka kuja kuifumua kama sweta kuukuu.

Nimeona kazi zako gazetini. Wachezaji miguu mitupu, wamelala sakafuni wametawanyika. Mzee anayetupigia piano darasani aliitazama ile picha akauliza, "Nani kawapiga hawa?" Sisi tulifundishwa kuficha jasho. Nyinyi mnalikatia tiketi.

Nakukumbuka ulipokuwa mdogo hujui kulia wala kushoto. Nikisimama mbele yenu nikainua mkono wa kushoto, wewe unainua wa kulia, kana kwamba unajitazama kwenye kioo. Nikakufunga uzi mwekundu mkononi nikakwambia, ukimtazama mtu usoni, kushoto kwake kuko upande mwingine. Ulilia siku nzima. Na hatua zako ulikuwa unaruka kwa miguu miwili, ndiyo maana ya jina lako. Chura hata umfundishe kusimama wima, mwisho wake atarudi chini. Ningejua mapema.

Niandikie. Usinipigie simu, simu ni ya moto ukiwaka.

Shangazi yako


2 Machi

Shikamoo Shangazi,

Natumaini nyonga imetulia na mama mwenye nyumba kanyamaza. Mimi mzima, kikohozi kimeisha, na juzi nimepika wali nikaula wote peke yangu, kwa hiyo usinisute.

Nisamehe kwa habari kukufikia kwa mlango wa nyuma. Niliogopa. Nimezunguka nchi za watu, nimezomewa, nimeandikwa vibaya na watu wenye vyeo, hakuna aliyenitia hofu kama wewe na kalamu yako.

Lakini acha nijitetee. Shangazi, hawa watunzi wa siku hizi hawaichukii baleti. Asubuhi wanashika lile bomba la ukutani la kufanyia mazoezi na kukunja magoti kama ulivyotukunjisha sisi. Tofauti ni kwamba waliuliza maswali ambayo sisi tulikatazwa kuuliza. Kwa nini msichana asimame juu ya ncha za vidole hadi kucha zing'oke, halafu atabasamu? Mmoja akawavua viatu. Mwingine akaupinda mgongo ambao kwa miaka mia mbili haukupindwa. Mwingine akawapa wanawake kazi ya kuwabeba wanaume. Kuna aliyezima muziki kabisa, watu wasikie pumzi na nyayo. Zamani mchezaji alikuwa anajifanya hana uzito. Sasa anaruhusiwa kuanguka, na kuanguka kwenyewe kuna ufundi wake.

Nilipofika huku nilimwona mama mmoja, mtu mzima, akicheza hatua za zamani peku, anahema ukumbi mzima unasikia. Nililia hadi jirani yangu akanipa leso. Nikajiuliza, kwa nini sikuwahi kumwona Shangazi hivi?

Sasa ombi. Kile kipande cha Bibi Harusi cha kungoja, kirefu, anaposimama peke yake na bwana harusi haji hadi kunapambazuka. Meneja wa zamani alikikata kwa sababu watazamaji walikuwa wanakohoa. Hakuna mtu duniani aliyebaki nacho ila wewe. Nakihitaji. Arusi yangu mpya imejengwa juu yake.

Na sitaki umfundishe mtu. Nataka ukicheze wewe, jukwaani, mbele za watu.

Mwanao,
Chura


21 Machi

Chura,

Sijambo. Nimeisoma barua yako nikaiweka chini ya sufuria, siku ya pili nikaitoa nikaisoma tena, na hasira ilikuwa palepale.

Unanitania, au umetumwa? Mimi nina miaka sitini na tatu. Nikipanda ngazi za ukumbi napumzika mara mbili nikijifanya nasoma matangazo ukutani. Unataka watu wakate tiketi waje kumwangalia bibi akining'inia kwenye kiti? Huko kwenu labda mnaita sanaa. Huku tunaita kuvunjiwa heshima.

Na tusidanganyane. Mimi sikuwahi kuwa Bibi Harusi. Nilikuwa mstari wa tatu, wa mwisho kushoto, karibu na pazia, mahali ambapo watazamaji wa pembeni hawakuoni kabisa. Mwalimu wangu alisema nina mabega ya mchota maji. Lakini nilikuwa naangalia. Bibi Harusi akifundishwa kule mbele, mimi kule nyuma nakunywa kila kitu kwa macho. Wenzangu wakishaenda nyumbani nabaki ukumbini nakicheza kile kipande cha kungoja, peke yangu, mguu wa kushoto umebeba mwili wote, wa kulia uko hewani. Hivyo miaka na miaka. Unafikiri nyonga hii ya kushoto iliharibiwa na nini? Na uzee? Iliharibiwa na ngoma ambayo hakuna aliyeniomba niicheze.

Basi usije leo ukaniomba kwa ajili ya mchezo wako. Kidonda hakichezewi.

Mzee wa piano anakusalimu. Anauliza kama kwenye huo upya wenu piano ipo, au nayo mmeilaza sakafuni.

Shangazi yako

Yule mama uliyemwona akicheza peku, alikuwa na umri gani?


8 Aprili

Shikamoo Shangazi wangu,

Alikuwa na miaka sabini.

Hali yangu nzuri, nauliza na yako, lakini nakimbilia penye jambo. Nakuomba uniamini. Hutavaa viatu vya kusimamia vidole. Hutainua mguu kupita unapofika. Kutakuwa na kiti kimoja cha mbao cha kushikia. Nyonga usiifiche hata kidogo, ukichechemea chechemea. Bibi Harusi wangu ni yule aliyengoja hadi akazeeka pale pale aliposimama. Nani mwingine atacheza hivyo? Wasichana wa miaka ishirini wanajua nini kuhusu kungoja?

Namtuma msaidizi wangu. Atakaa nawe wiki mbili, atakupiga picha za video kwenye simu ili nami nione. Mpokee vizuri, hana neno.

Ulikuwa mstari wa tatu, Shangazi. Safari hii mstari wote ni wako.

Mwanao,
Chura


30 Mei

Mwanangu mpenzi,

U mzima? Mimi mzima, wallahi mzima. Hata nyonga siku hizi inalalamika kwa adabu.

Msaidizi wako alikuja. Nilipomwona na kipara chake nikasema Mungu wangu, wamenitumia askari. Kumbe mtoto wa watu ana heshima, anaosha vyombo bila kuambiwa. Kila siku anaburuta kiti chake anakiweka mbele yangu katikati, anakaa na simu yake, ananiambia, "Mwalimu, mimi sipo." Nami nacheza.

Siku ya kwanza nilicheza kama mtu anayetafuta funguo gizani. Mkono unakumbuka, mguu umesahau. Siku ya pili nikavua soksi. Chura, sakafu ile nimeitembea maisha yangu yote na sikuwahi kujua ni ya baridi kiasi kile. Nikashika kile kiti changu cha kushikia, nikasimamia mguu wangu huu mbovu, nikaacha uzito uende unakotaka kwenda, na kipande chote kikatoka, mwanzo hadi mwisho, mpaka pale anapouelekea mlango na mtu haingii. Piano ikanyamaza. Nikadhani mzee kasinzia tena. Kumbe anafuta macho, ananiambia ni mafua. Mafua gani ya ghafla hivyo!

Najishonea gauni. Si lile la zamani la kusimama kama mwavuli, hapana, la kawaida, jeupe, mikono mirefu ya kufunika haya mabega. Ila nimefikiri tena jana nikaikata ile mikono. Waone mabega. Mchota maji naye ana arusi yake.

Wasichana wangu kumi na wawili wa jumba wameshaanza mazoezi na msaidizi wako upande wa pili. Sichungulii, nakuachia. Nilikuambia maneno makali mwezi wa pili kuhusu hao watunzi wenzako. Siyafuti yote, lakini yale uliyoniandikia ya kupinda mgongo nimeyaelewa, nimeyaelewa kwa mgongo wangu mwenyewe.

Nina furaha, Chura. Haya, nimeandika, usimwonyeshe mtu.

Shangazi yako


14 Julai

Shikamoo Shangazi,

Samahani kwa ufupi, niko kituoni nangoja treni. Video zako tumezitazama na kuzirudia. Chumba kizima kilikaa kimya. Yule mwenye kampuni ya huku inayoshirikiana na jumba la nyumbani alisema hajaona mwili unaosema ukweli namna ile. Hasa jinsi unavyotembea kutoka kwenye kiti hadi mlangoni, lile bega linavyoshuka.

Nakuja mwezi wa kumi. Usihudhurie mazoezi ya wasichana, tafadhali. Nataka ubaki mbichi. Tutakuingiza wiki ya mwisho.

Chura


20 Septemba

Mwanangu,

Salamu nyingi. Barua yako haikuniuliza hali, lakini nakujibu vivyo hivyo: sijambo.

Gauni limekwisha. Nimelitundika nyuma ya mlango, na nikiingia chumbani nadhani kuna mtu. Mazoezi yangu nafanya kila asubuhi kabla ya watoto kufika. Mzee wa piano haji tena, meneja amemwambia safari hii sauti zitatoka kwenye mashine. Kachukua kofia yake kaondoka bila ugomvi, lakini nilimwona anavyokifunga kile kifuniko cha piano.

Nimekutana na wasichana wangu kwenye korido. Walikuwa wanacheka, waliponiona wakanyamaza wote, na mmoja akatazama miguu yangu. Nimewalea tangu wana meno ya maziwa, hawajawahi kuniogopa namna ile. Umewaambia nini?

Si kitu. Nijulishe tu naingilia upande gani wa jukwaa, na kiti kinakaa wapi. Sakafu ya jumba ina mteremko, nyonga yangu inataka kujizoesha mapema.

Shangazi yako


27 Oktoba

Chura,

Nasikia umefika mjini tangu wiki jana. Chai ipo. Bado sijaambiwa nasimama wapi.

Shangazi yako


11 Novemba

Shangazi wangu, shikamoo,

Nimegonga mlango wako mara mbili leo. Najua umo, nimeona taa.

Jana kwenye onyesho nilikuona mstari wa nne. Niliona ukiinuka kabla pazia halijafungwa. Nilitaka kukufuata, wakanivuta jukwaani kupokea maua.

Niache nieleze. Daktari wa jumba alizitazama video akakataa kukupa ruhusa, akasema ukianguka jukwaani nani atajibu. Na yule mwenye kampuni alisema onyesho litazunguka miji mingi, haliwezi kumtegemea mtu mmoja mwenye nyonga mbovu. Nilibishana nao, naapa nilibishana. Halafu usiku mmoja nikafikiri kama mtunzi. Ukiwa wewe peke yako, watu wangekuonea huruma, wangemwona bibi. Wakiwa wasichana kumi na wawili, wenye afya, wanachechemea kwa pamoja, bega moja linashuka kwa wakati mmoja, hapo kunakuwa na umbo. Huruma inaondoka, inabaki dansi. Ulisikia watu walivyoshangilia? Walisimama, Shangazi. Ni mwendo wako uliowainua. Kijitabu cha onyesho kina shukrani kwako ukurasa wa mwisho.

Nilipaswa kukuambia uso kwa uso. Kila siku nilisema kesho. Nilidhani ukiona mwenyewe utaelewa kuliko nikieleza, wewe umeniambia baleti hutoka mwili mmoja ikaingia mwingine. Si ndivyo nilivyofanya?

Tunaondoka Ijumaa kuelekea mji wa pili. Nifungulie mlango kabla ya hapo. Nakuomba.

Mwanao,
Chura


13 Novemba

Masahihisho, baada ya onyesho.

Tiketi ililetwa na mlinzi wa mlango, mstari wa nne, kiti cha katikati. Nilikaa nayo mkononi muda mrefu. Mchezaji hapewi tiketi. Lakini nikajiambia labda ndiyo mbinu yenyewe, maana nimesoma kwamba nyinyi watu wa siku hizi hupenda kumwita mtu kutoka miongoni mwa watazamaji. Kwa hiyo nilivaa gauni, juu yake nikavaa koti. Taa zilipozimwa nilifungua vifungo viwili. Kiti cha mbao kilipoletwa jukwaani nikafungua cha tatu. Nakueleza hili ili siku nyingine utakapompa mtu tiketi, umwambie kwanza ni ya nini.

Wasichana wameingia kwa wakati. Migongo mizuri, hilo ni langu na sikupi sifa yake. Pumzi zinasikika, nimezipenda. Mikono katika kungoja inakimbia, wanajua tayari kwamba bwana harusi haji. Bibi Harusi hajui. Waambie wasijue.

Baada ya hapo wakaanza kutembea kuelekea mlangoni, wote kumi na wawili, na watu wakaanza kupiga makofi. Mama aliyekaa karibu nami akasema, "Jamani, wameigiza vizuri, utadhani kweli." Nilitaka kufurahi. Chura, nilijaribu. Nikawatazama miguu kama ninavyowatazama siku zote, kwa sababu sijui kutazama vingine.

Wanachechemea upande wa kulia.

Msaidizi wako alikaa mbele yangu, akanipiga picha tukitazamana, nao wakaifuata simu kama wanavyofuata kioo, kushoto kwangu kukawa kulia kwao, na hakuna aliyegeuza. Wasichana siwalaumu, wao hufanya waonyeshwavyo. Yule wa kipara hakukulia kwangu. Lakini wewe nilikufunga uzi. Wewe nilikuandikia kwa mkono wangu ni mguu gani uliobeba ngoma hii, na kwa miaka mingapi, na kwa nini umekwisha. Umenitazama kwenye simu hiyo tangu mwezi wa tano, umezirudia, chumba kizima kimenyamaza, na hukuona ni wapi panapouma.

Kichukue kipande, nilikupa mwenyewe na sinyang'anyi. Mlango sifungui. Kabla ya mji wa pili, rekebisha. Ni nyonga ya kushoto.

Mwalimu